Kusoma Maboya ya Hatari Baharini: Mwongozo Kamili kwa Nahodha wa Chombo Kidogo

Majuzi nimetumiwa picha ya boti ya faiba imelala ubavu juu ya mwamba, maji yamepwa, mashine inaning'inia hewani. Chini ya picha msomaji ameandika: "Niliona boya la kaskazini nikapita kusini yake, maana mwamba uko kaskazini. Nimekosea wapi?"

Kosa limo humo humo ndani ya swali. Wala si yeye peke yake. Swali hili hunijia kila msimu, na wengi wanaouliza si wageni wa bahari. Ni watu waliokulia chomboni, wanaoijua miamba ya kwao kama wanavyoijua milango ya majirani. Wakitoka kwenye maji ya kwao, ndipo boya linawageuka.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti, mashua au jahazi dogo anayetembea kati ya Lamu na Mtwara. Mfumo tunaoufuata ni wa IALA, shirika la kimataifa la alama za baharini, Kanda A, unaotumika Afrika, Ulaya, Oman na Ghuba, Bara Hindi na Australia. Ukiujua hapa, ukifika Maskati utayakuta maboya yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kung'oa nanga

- Ramani ya bahari ya eneo unalopita, toleo jipya. Ile ramani ya barabara iliyomo kwenye simu haionyeshi kina wala maboya. Kwake bahari yote ni buluu tu.
- Dira. Ya mkononi inatosha. Iweke mbali na spika, simu na betri, maana huivuta.
- Darubini ya 7x50. Inayokuza zaidi ya hapo hutikisika chomboni mpaka huoni kitu.
- Saa yenye mshale au tarakimu za sekunde.
- Jedwali la kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe.
- Bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina), au upondo uliotiwa alama kila nusu mita.
- Redio ya VHF. Chaneli 16 ndiyo ya kuita na ya dharura.
- Penseli laini, kifutio, na tochi yenye mwanga mwekundu. Mwanga mweupe hupofusha macho kwa dakika nyingi usiku, na ni dakika hizo hizo unazozihitaji.

Jaketi za kuokolea sijaziweka kwenye orodha kwa sababu sizihesabu kuwa vifaa vya somo. Kama huna, usitoke.

## Hatua ya 1: Amua kama unaingia au unatoka

Maboya ya kando ya mlango wa bandari husomwa kwa mtu anayetoka bahari kuu kuingia bandarini au mtoni. Ukiwa unatoka, kila kitu hugeuka upande. Kwa hiyo kabla ya kutazama rangi, sema kwa sauti: "Naingia" au "Natoka". Mwambie na aliye omoni, mbele ya chombo.

Palipo na shaka, kwa mfano mkondo unaokwenda sambamba na pwani na kuna bandari pande zote mbili, tafuta kwenye ramani mshale mpana wenye viduara viwili, umechapwa kwa rangi ya zambarau. Unakoelekea mshale ndiko "kuingia", hata kama wewe kwa akili yako unatoka.

Kushoto na kulia hapa ni kwa mtu aliyesimama akitazama omo. Goshi na demani haziingii kwenye hesabu hii, kwani hizo hufuata upepo na boya halijui upepo.

## Hatua ya 2: Nyekundu kushoto, kijani kulia, ukiwa unaingia

Katika kanda yetu, anayeingia huliacha boya jekundu kushoto kwake na la kijani kulia kwake. Anayetoka hufanya kinyume. Nambari zilizoandikwa juu yake huanza kuhesabiwa baharini, kwa hiyo zikiwa zinapanda, unaingia kweli.

Tahadhari. Ukijifunza kwa video za Wamarekani utasikia wakisema wazi kwamba nyekundu ni kulia mtu akirudi bandarini. Kwao ni sawa. Wako Kanda B, pamoja na mabara yote mawili ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino. Ukiileta kanuni hiyo kwenye mlango wa Kilindini au Dar es Salaam, umejielekeza mwenyewe mwambani kwa uangalifu mkubwa. Video yoyote utakayotazama, kwanza angalia imerekodiwa wapi.

Usitegemee rangi peke yake. Boya jekundu lina umbo la debe, au lina debe dogo kichwani. La kijani lina umbo la kawa, ile ya kufunikia chakula, au lina kawa kichwani. Umbo limewekwa kwa sababu rangi hufa.

Nalijua hili kwa kuumia. Nilikuwa narudi bara jioni moja, jua limeshuka mbele yangu usawa wa macho. Pwani ya bara ndivyo ilivyo: arudiye jioni hutazama magharibi, na kila kilicho mbele yake ni cheusi. Niliona boya jeusi, nikakisia, nikapita upande usio wake. Mkuku ulikwaruza jiwe na tukafua maji mpaka tulipotia nanga. Lile boya lilikuwa jekundu kama pilipili, na debe lake kichwani lilionekana wazi kabisa kama ningelitazama umbo.

Kuna aina moja ya ziada: boya jekundu lenye mkanda mmoja wa kijani katikati, au la kijani lenye mkanda mwekundu. Hilo husimama mahali njia inapogawanyika. Ukitaka kufuata njia kuu, fuata rangi iliyo nyingi: jekundu lenye mkanda wa kijani liache kushoto ukiwa unaingia, na njia kuu itakuwa kulia kwako.

Utajua umepatia ikiwa mwenzako akifunika nambari na kukuuliza "Hili upande gani?", unajibu kwanza "Tunaingia au tunatoka?" Anayejibu papo hapo bila kuuliza bado hajaelewa.

## Hatua ya 3: Maboya ya dira, yanayowaangusha wengi

Haya ni ya manjano na nyeusi. Hayajali unaingia au unatoka, wala hayajui kushoto na kulia. Yanakutaka utazame dira.

Kanuni ni moja: jina la boya ni upande wa kupita. Boya la kaskazini linasema pita kaskazini yangu, maji mazuri yako huko, na hatari iko kusini yangu. La mashariki linasema pita mashariki. Hakuna boya katika kundi hili linalotaja upande uliko mwamba.

Ndugu yetu wa ile picha alilisoma kama kibao cha mbwa mkali: kimeandikwa "kaskazini", basi mbwa yuko kaskazini. Mawazo hayo ni ya kawaida, na ndiyo maana kosa hili haliishi. Lichukulie boya hili kama mtu aliyesimama njiani akikuonyesha kwa mkono: "Huku, huku." Haonyeshi shimo, anaonyesha njia.

### Kawa mbili kichwani

Kila boya la dira lina kawa mbili nyeusi kichwani, moja juu ya nyingine. Zimepangwa hivi:

- Kaskazini: ncha zote mbili zinatazama juu.
- Kusini: ncha zote mbili zinatazama chini, kama kawa zilizopinduliwa.
- Mashariki: ya juu inatazama juu, ya chini inatazama chini, midomo imekutana katikati. Ukiziona kwa mbali zinafanana na kishada kinachorushwa na watoto.
- Magharibi: ncha zimekutana katikati. Kwa mbali unaona kinu chenye kiuno chembamba.

Kaskazini na kusini hazisumbui mtu. Mashariki na magharibi ndizo zinazochanganywa. Mimi hukumbuka kwamba kishada hurushwa mchana na kinu husikika jioni, jua likienda magharibi. Tafuta chako ukipenda, ila kiwe kitu unachokijua kwa mkono.

### Mikanda ya rangi

Huna haja ya kuikariri, kwa sababu ncha za kawa zinaonyesha ulipo weusi.

Ncha zikitazama juu, weusi uko juu na manjano chini: kaskazini. Zikitazama chini, weusi uko chini: kusini. Moja juu moja chini, weusi uko juu na chini na manjano katikati: mashariki. Zikikutana katikati, weusi uko katikati na manjano juu na chini: magharibi.

Faida yake ni kwamba kawa zikivunjika, na huvunjika, mikanda inabaki. Mikanda ikifunikwa na kinyesi cha ndege, kawa zinabaki. Ukiona kimoja, kichore kingine kichwani na uhakikishe vinaafikiana. Visipoafikiana, hujaona vizuri. Punguza mwendo, sogea, tazama tena.

### Fanya hivi unapoliona

1. Punguza mashine. Usiamue ukiwa katika mwendo wa kasi.
2. Tamka jina lake: "Kusini."
3. Tazama dira, nyoosha mkono kuelekea kusini halisi. Ndiyo, nyoosha mkono. Aonaye haya mbele ya abiria ataona haya zaidi akipwelewa nao.
4. Hakikisha njia ya chombo chako itapita upande huo wa boya, si upande huo wa chombo. Hapa tena watu huteleza: wanageuza omo kuelekea kusini, halafu wanapita mashariki ya boya wakidhani wametii. Swali si omo inatazama wapi. Swali ni chombo kitakuwa wapi ukilinganisha na boya.
5. Lipe nafasi. Boya limefungwa kwa mnyororo na huzunguka na maji, na mwamba haukupimwa kwa rula.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya nazi, uani

Usiende baharini kabla ya kufanya hili. Linachukua nusu saa.

Weka nazi moja katikati ya ua. Hiyo ndiyo mwamba. Chukua chupa nne tupu, uzifunge utepe mweusi na wa manjano kwa mikanda ya kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Kwa dira, iweke chupa ya kaskazini hatua mbili kaskazini ya nazi, ya mashariki hatua mbili mashariki yake, na kadhalika.

Sasa tembea. Izunguke nazi ukipita nje ya chupa zote, na kila ukifika kwenye chupa itaje jina na useme nazi iko wapi. "Kaskazini, nazi iko kusini yangu." Ukimaliza, ziondoe chupa tatu, ibaki moja, na mtu aifiche nazi chini ya kitambaa mahali inapostahili kuwa. Wewe uonyeshe kilipo kitambaa kabla hujageuka kutazama.

Utajua umepatia ukionyesha sawasawa mara 10 mfululizo, kila mara ukianzia pembe tofauti ya ua. Mara 7 kati ya 10 si nzuri. Baharini hizo tatu zilizobaki ni mbao.

## Hatua ya 5: Jeusi na jekundu, mipira miwili

Boya jeusi lenye mkanda mwekundu, mmoja au zaidi, na mipira miwili myeusi kichwani, limesimama juu ya hatari yenyewe. Ni mwamba au fungu dogo lililo peke yake, na maji ya kupita yako pande zote kulizunguka.

Kwa hiyo unaweza kupita upande wowote, ila kwa mbali. Msilisogelee kwa ajili ya picha, na msilifunge chombo mkavua. Najua samaki wako hapo. Wako hapo kwa sababu kuna jiwe.

Tazama kwenye ramani hatari hiyo ina upana gani. Boya ni moja, lakini fungu linaweza kuwa na mkia mrefu upande mmoja.

## Hatua ya 6: Mengine, kwa haraka

Lenye milia ya kusimama nyekundu na nyeupe, na mpira mmoja mwekundu kichwani, ni la maji salama. Mara nyingi ndilo la kwanza kukutana nalo unapotoka bahari kuu kuja bandarini.

La manjano tupu, lenye alama ya X kichwani, ni alama maalumu: bomba, kebo, eneo la hifadhi, mahali pa kuogelea. Halisemi hatari iko wapi; linakutuma ramani ukasome.

Lenye milia ya kusimama ya buluu na manjano ni la dharura, huwekwa kwenye chombo kilichozama karibuni ambacho bado hakijaingia kwenye ramani. Liliundwa baada ya meli Tricolor kuzama kwenye mlango-bahari wa Uingereza na Ufaransa Desemba 2002, kisha vyombo vingine vikaigonga pale pale ilipolala. Ukiliona, kaa mbali kabisa na uliza kwa redio.

## Hatua ya 7: Usiku, hesabu kwa saa

Usiku huoni kawa wala mkanda. Unaona taa tu, na kila taa ina mwenendo wake.

Jekundu la kando lina taa nyekundu, la kijani lina taa ya kijani. Hayo ni mepesi. Maboya ya dira yote yana taa nyeupe, na hutofautishwa kwa idadi ya mimweko ya haraka haraka:

- Kaskazini: inamweka mfululizo bila kupumzika.
- Mashariki: mara 3, inapumzika.
- Kusini: mara 6, halafu mmweko mmoja mrefu, inapumzika.
- Magharibi: mara 9, inapumzika.

Ule mmweko mrefu wa kusini haukuwekwa kwa urembo. Chombo kikipanda na kushuka kwenye wimbi, mtu hupoteza hesabu. 6 huonekana 5 au 8. Ukiuona mrefu, huhitaji kuhesabu tena: ni kusini.

Kwenye ramani utaona herufi Q kwa mimweko ya haraka na VQ kwa ya haraka zaidi. Q(3)10s maana yake mimweko mitatu, na mzunguko mzima unachukua sekunde 10. Fl(2) nyeupe ni ile hatari ya pekee ya mipira miwili: mimweko miwili, mipira miwili.

### Mtego wa saa ya Kiswahili

Vitabu vingi hufundisha kukumbuka taa hizi kwa uso wa saa ya ukutani: kulia kuna 3, ndiyo mashariki, chini kuna 6, kusini, kushoto kuna 9, magharibi, juu kuna 12, kaskazini, isiyopumzika.

Ni njia nzuri, lakini kwetu ina kisu ndani. Mshale ukiwa kwenye 3 sisi tunasema saa tisa. Ukiwa kwenye 9 tunasema saa tatu. Nimemsikia kijana niliyekuwa nikimfundisha, usiku, akihesabu mimweko tisa bila kosa, kisha akasema kwa furaha: "Tisa, saa tisa, mkono wa kulia, mashariki!" Akageuza usukani. Lilikuwa boya la magharibi, na mashariki yake ndiko kulikokuwa na mwamba. Nilimshika mkono.

Basi usitaje saa. Soma tarakimu iliyoandikwa kwenye uso wa saa: 3 iliyoandikwa, 6 iliyoandikwa, 9 iliyoandikwa. Chora duara kwenye karatasi, andika tarakimu nne na pande nne za dira, libandike karibu na usukani.

### Namna ya kuhesabu

Anza kuhesabu baada ya giza la kupumzika, si katikati. Hesabu mizunguko mitatu. Pima kwa saa tangu mmweko wa kwanza wa mzunguko mmoja mpaka wa kwanza wa mzunguko unaofuata. Idadi na sekunde zote mbili zilingane na ramani. Kimoja kikikataa, hiyo si taa unayoidhani. Huenda ni ya mnara wa simu au pikipiki ufukweni inayopita nyuma ya mikoko.

Utajua umepatia ikiwa watu wawili wamehesabu kila mmoja kimoyomoyo na wametoa jibu moja.

## Hatua ya 8: Usiliamini boya peke yake

Boya ni chuma kilichofungwa kwa mnyororo. Mnyororo hukatika, taa huzima, na Kusi ikichafuka boya linaweza kusukumwa likatua mahali pasipo pake likiwa bado linamweka vizuri kabisa. Boya lililohama ni baya kuliko boya lisilokuwepo.

Hakikisha hivi. Chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye ramani: mnara wa taa, mnara wa msikiti, ncha ya ras. Ukitoka kusini kuja mjini Unguja, kwa mfano, mnara wa Chumbe umesimama hapo tangu 1904 na haujahama. Kimoja kiwe mbele yako na kingine ubavuni, pembe kati yake iwe karibu na digrii 90. Pima kila kimoja kwa dira, toa tofauti ya sumaku (kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli) iliyoandikwa kwenye ramani, chora mistari miwili. Inapokatana ndipo ulipo wewe. Sasa boya liko pale ramani inaposema?

GPS ya simu ni msaidizi mzuri wa kazi hii. Iwe shahidi wa pili, maana betri huisha na kioo chenye chumvi hakiguswi.

## Hatua ya 9: Pima maji yaliyo juu ya hatari

Mwamba ule ule ni ukuta saa nne asubuhi na ni njia saa kumi jioni. Siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine) kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne na hujaa mnamo saa kumi, mchana na usiku, na tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4.

Kwenye ramani, tarakimu ya kina iliyopigiwa mstari chini ni jiwe linalobaki kavu maji yakipwa sana. Tuseme limeandikwa mita 1.2. Jedwali linasema maji yatapwa hadi mita 0.4 na kujaa hadi 4.0. Tofauti ni 3.6.

Maji hayapandi sawasawa. Gawanya tofauti mara 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Sehemu moja hapa ni sentimita 30. Baada ya saa tatu maji yamepanda mita 1.8, jumla 2.2. Toa 1.2 ya jiwe. Juu ya jiwe kuna mita 1.

Boti yako na mashine ikiwa imeshuka inaingia majini mita 0.8. Imebaki sentimita 20. Mawimbi ya nusu mita yatakuteremsha juu ya jiwe mara ya kwanza tu. Ngoja saa moja zaidi: maji yanakuwa 3.1, juu ya jiwe mita 1.9. Hapo unazungumza.

Tazama pia kwamba katika saa ya tatu na ya nne maji yalikimbia sentimita 90 kila saa. Ndipo mkondo huwa mkali na kukubeba kando ya njia uliyoichora.

Na ukiwa na shaka, kupanda mwamba maji yakijaa ni afadhali kuliko yakipwa. Yanayojaa yatakunyanyua. Yanayopwa yatakuacha, kama yalivyomwacha yule wa picha mpaka jioni.

## Mahali pasipo na boya

Sehemu kubwa ya pwani yetu haina alama yoyote. Vigingi vya mikoko utakavyoviona vimechomekwa na wavuvi kwa mahitaji yao; vingine vinaonyesha njia, vingine ni wando wa samaki. Madumu ya manjano ya mafuta ya kula yanayoelea ni alama za nyavu na madema, si alama maalumu, hata kama rangi imefanana. Mwulize mwenyeji kabla hujaingia.

Zaidi ya hapo ni macho. Jua liwe juu na nyuma yako, weka mtu asimame omoni. Buluu iliyoiva ni kina. Kijani kilichofifia ni mchanga na maji haba. Rangi ya kahawia ni mwamba au majani, na kwa mbali huwezi kujua ni kipi, basi vyote vihesabu ni mwamba. Kivuli cha wingu kinafanana sana na mwamba, ila chenyewe kinatembea. Tia bildi kila mnapopata mashaka, msisubiri kukubaliana.

## Ukikuta boya limezima au halipo

Usipite kimya. Andika saa, nafasi kwa digrii na dakika, na hali uliyoikuta. Ita kituo cha bandari iliyo karibu kwa chaneli 16, kisha uhamie chaneli watakayokupa. Sema hivi:

"Bandari, Bandari, Bandari, hapa ni boti" (jina lako mara tatu). "Nina taarifa ya alama. Boya la magharibi," (jina au nambari yake kwenye ramani), "taa imezima. Nimelipita saa moja na dakika ishirini usiku. Narudia: boya la magharibi, taa imezima. Kwisha."

Sema "limezima" ikiwa umeliona lenyewe bila taa. Kama hukuliona kabisa, sema "sikuliona", usiseme "halipo". Kwa wanaokusikiliza hizo ni habari mbili tofauti: ya kwanza wataleta fundi wa taa, ya pili wataanza kulitafuta boya linaloelea.